Oili ifike, lakini isipite

Kwenye meza ya fundi wangu kuna pistoni moja ya zamani, imeungua kichwani, kazi yake siku hizi ni kukandamiza risiti zisipeperushwe na feni. Siku hiyo injini yangu ilikuwa imeshushwa, iko vipande vipande kwenye boksi, na sababu ni ile ile ya wengi wetu wenye magari ya mkono wa pili, inakunywa oili. Moshi wa bluu asubuhi, unaangalia stiki unakuta imekauka, unaongeza, wiki ijayo hivyo hivyo. Sasa wakati namsubiri fundi amalize kuongea na simu nikaiokota ile pistoni ya risiti nikawa naigeuza geuza, nikaona ndani ya mfereji wa ringi ya chini kuna vitundu vidogo vimezunguka, vingine vimeziba kwa masizi.

"Fundi, hivi vitundu ni vya nini?"

"Hapo ndo oili inaporudi nyumbani, dada. Ringi inaikwangua ukutani, inaingia humo, inadondoka sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Vikiziba inakosa pa kurudi, inapanda juu inaungua."

"Si bora basi isifike kabisa huko juu?"

Akacheka mpaka akaweka simu chini. "Isipofika pistoni inakamata ukutani, haisogei. Inatakiwa ifike, ila isipite."

Akaendelea na kazi zake. Mi nikabaki na hilo swali, nimelala nalo, nimepanda nalo mwendokasi, wiki zimepita bado lipo. Maana ukifikiria vizuri hicho anachokisema ni kigumu sana. Chuma kinapanda na kushuka maelfu ya mara kwa dakika, juu yake kuna moto wa zaidi ya nyuzi 2,000, chini yake kuna oili inarushwa rushwa, na kati ya hivyo viwili kuna uwazi mwembamba kuliko unywele. Nani alikaa akalifikiria hili? Na kabla hajalifikiria, watu waliendeshaje?

Walikuwa wanadondosha tu

Waliendesha kwa kudondosha. Sitanii. Motokaa nyingi za mwanzo zilikuwa na vikombe vya oili vyenye kioo, mara nyingi hapo kwenye dashibodi, unaona tone linashuka, linafuata jingine, na dereva ndo anayeamua matone yawe mangapi. Kuna mlima mbele? Fungua skrubu kidogo. Umefika tambarare? Rudisha. Ukisahau kufungua injini inakamata, ukisahau kufunga unaacha wingu la moshi nyuma yako mtaa mzima. Na oili ikishaingia haikuwa na safari ya kurudi, iliungua au ilivuja barabarani, ikaisha hivyo. Kwa maneno mengine "kunywa oili" haikuwa ugonjwa. Ndo mfumo wenyewe ulivyokuwa!

Halafu angalia Ford Model T, gari iliyotoka 1908 mpaka 1927 na kuuzwa zaidi ya milioni 15. Haikuwa na pampu ya oili hata moja. Flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, inazunguka ndani ya oili, inairusha, kuna mdomo wa bomba pale juu unakinga kile kilichorushwa, bomba linapeleka mbele ya injini, kisha oili inarudi nyuma yenyewe kwa mteremko ikijaza vibeseni chini ya konrodi, ile mikono inayoshika pistoni kwa chini, na kila konrodi ikishuka inachota kama kijiko na kurusha juu. Kipimo? Hakuna stiki. Kuna vikoki viwili chini ya gari, unalala chini unafungua cha juu, oili ikitoka ipo ya kutosha, isipotoka unafungua cha chini, na hapo pasipotoka kitu rudi nyumbani kwa miguu.

Ni akili kubwa kwa bei ile, nakubali. Lakini ona shida yake, oili inategemea mteremko. Ukipanda mlima mrefu pua ya gari inakuwa juu, oili yote inakimbilia nyuma, konrodi ya kwanza kule mbele inachota hewa. Beringi yake inakufa. Lilikuwa jambo linalojulikana kiasi kwamba watu wengine waliuza mabomba ya ziada ya kufunga nje ya injini ili oili ifike mbele hata mlimani.

Hizo Ford zilifika mpaka huku kwetu, Waingereza walizitumia kwenye kampeni yao ya 1916 wakimfukuza kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck. Barabara hakuna, mvua, tope, mchanga, na mwisho wa siku mizigo mingi ilibebwa vichwani na wapagazi wa Carrier Corps, ambao ndo jina lao limebaki Kariakoo. Leo ukitaka pistoni mpya Dar unaenda hapo hapo Kariakoo na Gerezani. Sijui kwa nini hilo linanichekesha na kuniumiza kwa pamoja.

Kizibo kilichoruka

Hapa ndo nilipoanza kukasirika kidogo, maana nilikuta kwamba elimu ilikuwepo.

Mwaka 1883 kulikuwa na injinia Mwingereza anaitwa Beauchamp Tower, chama cha mainjinia mitambo cha huko kilimpa kazi ya kupima msuguano wa beringi za mabehewa ya treni. Kifaa chake kilikuwa rahisi tu, shafti inazunguka, chini yake imechovywa kwenye oili, juu yake imekaliwa na nusu ya beringi yenye mzigo. Juu ya hiyo beringi akatoboa tundu la kuwekea oili kama ilivyokuwa kawaida ya mabehewa.

Shafti ikaanza kuzunguka. Oili badala ya kuingia kwenye tundu, ikaanza kutoka.

Akaziba kwa kizibo cha koki, kikasukumwa nje. Akaweka cha mti, nacho kikatoka. Mtu mwingine angelaani akagonga kizibo kwa nyundo akaendelea na ripoti, yeye akafunga geji ya presha. Mzigo aliouweka ulikuwa kama pauni 100 kwa inchi ya mraba, geji ilikuwa inasoma mpaka 200, na mshale ukaenda mpaka ukapita mwisho.

Yaani hakuna pampu pale. Mzunguko wenyewe wa shafti ulikuwa unavuta oili kuipeleka kwenye uwazi unaozidi kubana, na oili ikibanwa inapandisha presha mpaka inanyanyua mzigo wote. Umewahi kukanyaga na ndala kwenye sakafu iliyomwagika maji ya sabuni ukajikuta unateleza bila kugusa sakafu? Ndo hivyo. Miaka mitatu baadaye, 1886, Osborne Reynolds akaandika hesabu zake, na hesabu hizo zinatumika mpaka leo.

Kwa hiyo chuma hakitakiwi kugusana na chuma. Kikiwa kwenye mwendo na kikipata oili, kinaelea.

Na mwaka 1890 Albert Pain, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya injini za mvuke kule Birmingham iliyokuja kuitwa Belliss & Morcom, akapata hataza ya kusukuma oili kwa pampu mpaka ndani ya beringi, kupitia vitundu kwenye krankshafti, ile shafti inayozungushwa na konrodi, na ikizunguka inarudi kuchukuliwa tena. Kimsingi ni mfumo ule ule ulioko kwenye gari yako hapo nje. Mwaka 1890! Model T bado haijafikiriwa hata.

Sasa walikuwa wanasubiri nini?

Hili ndo swali lililonikera zaidi ya yote. Jibu la haraka ni gharama, na ni kweli, kutoboa krankshafti na kuweka pampu ni pesa. Wale wa bei ghali walifanya mapema. Lanchester walifanya, Royce wa Rolls-Royce akafanya kwenye ile Silver Ghost ya 1906, na mwaka 1907 gari hiyo ikaendeshwa zaidi ya kilomita 23,000 mfululizo huku waangalizi wakihesabu kila kilichobadilishwa. Nilitaka kuishia hapo nikasema basi, tajiri alipata pampu na maskini akapata kijiko.

Lakini haikuniingia vizuri. Kuna kitu hakikukaa sawa.

Hebu ifuate oili. Pampu inaisukuma ndani ya krankshafti, inatokea kwenye beringi za konrodi, inachuruzika pembeni ya beringi, na kwa sababu krankshafti inazunguka kwa kasi, inarushwa. Inarushwa wapi? Kwenye kuta za silinda. Kadri unavyoongeza presha na mizunguko, ndivyo kuta zinavyooga. Na pistoni za wakati ule ringi zake zilikuwa ni za kuzuia gesi isishuke, uzao wa ringi ya chuma yenye mkato aliyoibuni John Ramsbottom kwa ajili ya treni za mvuke miaka ya 1850. Kuzuia oili isipande lilikuwa jambo jingine kabisa. Kwa hiyo ukimpa injini oili ya kutosha chini, plagi zinalowa juu, masizi yanajaa, moshi.

Kumbe kile kibeseni na kijiko cha Ford, pamoja na umaskini wake, kilikuwa pia ni njia ya kuibania oili isizidi.

Hapo ndo nilipobadilisha mawazo. Nilikuwa naisoma hii kama historia ya pampu, kumbe ni historia ya pistoni. Pampu ilikuwa inasubiri pistoni inayojua kukataa.

Bentley na kitu cha kukandamizia karatasi

Pistoni za wakati huo zilikuwa za chuma cha kasti. Zinadumu, zinapanuka sawa na silinda yake ambayo nayo ni kasti, hakuna kelele. Ubaya ni uzito. Nilipiga hesabu kwa injini moja ndogo ya Kifaransa, DFP, silinda nne, upana milimita 70 na safari ya pistoni milimita 130. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, pistoni ikifika juu kabisa na kugeuka, kila gramu moja ya uzito wake inavuta konrodi kwa nguvu ya karibu nusu kilo. Kila gramu. Na ukiongeza mizunguko mara mbili nguvu hiyo inakuwa mara nne. Kwa hiyo huwezi kukimbiza injini ya pistoni nzito, unaua beringi, unavunja konrodi.

Hizo DFP zilikuwa zinauzwa London na ndugu wawili, mmoja wao anaitwa W.O. Bentley, kijana aliyejifunza ufundi kwenye karakana ya treni kule Doncaster. Mwaka 1913 akaenda Ufaransa kiwandani, na ofisini mle akaona pistoni ndogo ya aluminiamu iko mezani inakandamiza karatasi.

Ndiyo, pistoni. Inakandamiza karatasi. Niliposoma hapo niliweka simu pembeni kwanza.

Akaomba zitengenezwe za kwake, aluminiamu asilimia 88 na shaba asilimia 12. Hofu ilikuwa moja, aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu, kasti inavumilia mpaka zaidi ya 1,100, na moto wa ndani ni mara tatu ya hiyo 660. Utaweka vipi siagi juu ya jiko? Lakini haikuyeyuka, na sababu yake ndo utamu wenyewe. Aluminiamu inapitisha joto haraka mno kuliko kasti. Joto likigonga kichwa cha pistoni halikai, linakimbilia pembeni, linapita kwenye ringi, linaingia ukutani kwa silinda, linaondoka na maji ya rejeta. Kasti yenye kuvumilia moto ilibaki nyekundu pale katikati, inawasha petroli kabla ya wakati. Ile yenye kuyeyuka kirahisi ilibaki imepoa zaidi. Kwa hiyo kompresheni ikapandishwa, mizunguko ikapanda, na Juni 1914 Bentley akaingiza DFP ya aina hiyo kwenye mbio za Tourist Trophy kisiwa cha Man akamaliza wa sita, kwenye mashindano yaliyojaa injini kubwa kuliko yake.

Sasa mi hii hadithi naipenda na siiamini sana kwa pamoja. Siyo kwamba haikutokea, naamini ilitokea. Lakini jinsi inavyosimuliwa, kijana anaona kitu mezani, dunia inabadilika, ni safi mno. Pistoni ile ya mezani nani aliimimina? Kuna kiwanda cha kusubu kilichoitengeneza kabla Bentley hajafika. Na Turin, injinia Giulio Cesare Cappa wa kampuni ya Aquila Italiana alishaweka pistoni za aluminiamu kwenye magari kabla ya safari hiyo ya Bentley. Nadhani sifa ya Bentley ni nyingine, kwamba aliitoa mezani akaipeleka mbioni, na vita ilipoanza mwaka huo huo akaenda jeshini akawaambia watengeneza injini za ndege kile alichokuwa amekificha. Mtu wa biashara kutoa siri yake bure, hicho kwangu ni kikubwa kuliko kuona.

Kelele asubuhi

Lakini aluminiamu ilileta balaa lake na hapa watu wengi wanaosimulia wanapita haraka.

Inapanuka mara mbili ya kasti. Chukua pistoni ya milimita 70, ipashe nyuzi 200. Ya kasti inakua kama milimita 0.15, ya aluminiamu kama 0.32. Silinda bado ni kasti, na yenyewe imepozwa na maji, haijakua kiasi hicho. Kwa hiyo inabidi uache nafasi kubwa wakati wa baridi ili ikipata moto isibane. Matokeo yake ukiwasha asubuhi pistoni inacheza ndani ya silinda, inapiga kuta, ka ka ka ka, mpaka ipate joto. Na wakati inacheza hivyo ringi zinakaa upande upande, oili inapanda juu kama kawaida.

Umeongeza nguvu, umerudisha moshi.

Karibu miaka kumi na tano iliyofuata ni ya kupigana na hiyo milimita 0.17 ya tofauti, na mi nimeshangaa jinsi walivyohangaika. Wakapasua sketi ya pistoni, ule ubavu wake chini ya ringi, kwa mkato wa urefu ili ikipanuka ijifunge kwenye ule mkato badala ya kubana silinda. Wakaitengeneza isiwe duara kamili, nyembamba kidogo upande wa pini inayoshika konrodi, ambako kuna nyama nyingi ya chuma, ikipata moto inajaa na kuwa duara. Wakapandikiza ndani yake vipande vya invar, ile aloi ya chuma na nikeli isiyopanuka karibu kabisa, ambayo Charles Édouard Guillaume aliigundua 1896 na kupewa Nobel 1920, ili vishike sketi isitanuke hovyo. Wengine wakahangaika na aloi yenyewe, maabara ya taifa ya fizikia ya Uingereza ikatoa aloi iitwayo Y wakati wa vita, yenye shaba, nikeli na magnesi, halafu zikaja za silikoni ambazo bado zinapanuka kuliko kasti, lakini si kama zile aluminiamu za mwanzo. Kampuni iliyokuja kubeba jina la ndugu wawili Mahle ikaanza Stuttgart 1920. Jina lao unalijua, umeliona kwenye maboksi ya spea.

Ukiangalia pistoni yoyote mpya leo ukaipima kwa vania, siyo duara. Na kichwa chake ni chembamba kuliko sketi. Mi nilikuwa sijui, nikadhani ile ya kwenye meza ya risiti imekunjamana kwa uzee.

Moshi unaoua

Nimeacha sehemu ninayoipenda kuliko zote, ya Harry Ricardo.

Vifaru vya kwanza vya Waingereza, 1916, vilikuwa na injini ya Daimler ya hospawa 105, aina ile ya valvu za sleeve, mabomba yanayopanda na kushuka ukutani mwa silinda, tulivu sana kwa magari ya mabwana lakini ilikuwa inakunywa oili. Kifaru kimesimama kinangoja, injini iko sailensa, inanguruma taratibu tu, oili inajikusanya juu. Amri ikitoka, dereva anakanyaga, linatoka wingu. Na adui kule ng'ambo mwenye mizinga anachohitaji ni hilo wingu tu.

Kwa hiyo hapa oili kupita pistoni siyo suala la gharama wala plagi kulowa. Watu wanakufa.

Ricardo alikuwa na miaka thelathini na kidogo. Akaambiwa atengeneze injini yenye nguvu zaidi, isiyotoa moshi, lakini aluminiamu hapewi, vyuma vizuri hapewi, vyote vinaenda kwenye ndege, na petroli atakayopata ni ile mbovu. Ungefanya nini wewe? Yeye akaitazama pistoni na kuona kwamba inafanya kazi mbili zinazogombana. Inazuia gesi, na hapo inataka ukavu. Inabeba msukumo wa pembeni wa konrodi, na hapo inataka oili nyingi. Akazitenganisha. Juu akaweka pistoni yenye ringi, kazi yake gesi tu. Chini yake akaweka sehemu nyingine ya kuongozea, inateleza kwenye njia yake yenyewe, hiyo ndo inayobeba msukumo na kuoga oili, na oili ikakingwa pale pale irudi chini kabla haijaufikia ukuta wa silinda. Halafu hewa inayoenda kwenye kabureta akaipitisha kwanza humo ndani, kuzunguka hiyo njia na chini ya kichwa cha pistoni, ipoze.

Hospawa 150, moshi hakuna. Iliingia kwenye kifaru cha Mark V, na vilikuwepo kwa mamia Amiens tarehe 8 Agosti 1918.

Wakati huo huo kule angani walikuwa wameamua kinyume chake kabisa, kwamba oili ipite tu. Injini za ndege za kuzunguka, zile ambazo silinda zote zinazunguka pamoja na propela, zilitiwa mafuta ya nyonyo kwa sababu petroli haiyayeyushi kirahisi, yakapita moja kwa moja yakatoka na moshi usoni kwa rubani. Sote tunajua mafuta ya nyonyo yanafanya nini tumboni, sihitaji kuendelea. Bentley, akiwa mwanajeshi wa anga wa jeshi la maji, alikuta kwenye injini za Clerget silinda inapozwa zaidi upande unaotangulia upepo kuliko wa nyuma, inapinda, haiwi duara, na kuna ringi nyembamba maalumu iliyowekwa kufidia hilo ambayo ikivunjika ndo mwisho wa safari. Akaweka silinda ya aluminiamu yenye bomba la chuma ndani, na pistoni za aluminiamu, ikaitwa BR1. Baada ya vita alipewa pauni 8,000 na tume ya tuzo za wavumbuzi. Ila nyonyo yeye aliiacha iendelee kupita.

Ndo maana ukiniuliza kati ya hao wawili nani alijibu swali la fundi wangu, mi nasema Ricardo. Bentley alifanya pistoni iwe nyepesi. Ricardo aliuliza pistoni inafanya nini pale.

Jibu lake lenyewe halikufaa kwa magari, linarefusha injini mno, huwezi kuliingiza chini ya boneti. Lakini pistoni nyingine aliyoifanya baadaye, ile aliyokata sketi pande zisizobeba kitu ili ipungue uzito na msuguano, wajukuu zake wamejaa kwenye magari yetu. Na wazo la kutenganisha, ambalo injini za mvuke zilikuwa nalo kabla yake, liko kwenye zile meli kubwa za makontena zinazoingia Mombasa na Dar. Zile injini zina oili mbili tofauti kabisa, moja ya beringi inayozunguka na kurudi, nyingine inayopulizwa kwenye silinda kwa vipimo, inaungua na kuisha. Hawakuhangaika kuizuia isipite. Waliitengea ya kupita!

Vumbi, halafu ubishi

Mwaka 1924 Chrysler wakatoa gari lao la kwanza lenye jina hilo, silinda sita, pistoni za aluminiamu, oili kwa presha, na vitu viwili ambavyo sisi wa barabara za vumbi tungevitaka miaka yote hiyo, chujio la hewa na chujio la oili. Maana unaweza kuwa na pistoni ya kimalaika, mchanga ukiingia inakuwa msasa. Kwenye silinda iliyotumika fundi anapitisha kucha kule juu na kusikia ukingo, hapo ringi ya kwanza inapogeukia. Na hapo ndo Tower anapoishia, kwa sababu pistoni siyo shafti, inasimama mara mbili kila mzunguko, na ikisimama haielei. Chuma kinagusa chuma hapo juu, kila mara, na vumbi likiwepo ndo kabisa.

Nilitaka kusema kuanzia 1924 mambo yakawa sawa. Siwezi, kwa sababu ya Chevrolet. Wao walitoa injini ya silinda sita mwaka 1929, na wakaendelea kuweka pistoni za kasti na vijiko kwenye konrodi mpaka 1953. Miaka ishirini na nne! Wenzao wengi wako kwenye aluminiamu na presha, wao wanachota. Na injini hizo hazikuwa mbovu hata kidogo, zilikimbia taratibu, zikabeba malori na familia, hazikupiga kelele asubuhi, na zilikuwa na sifa ya kutokufa. Kasti na kijiko vilikuwa sawa kabisa mradi usimkimbize mnyama.

Halafu miaka hii ya karibuni baadhi ya watengenezaji wakalegeza ringi za oili makusudi, zibane ukuta kidogo ili msuguano upungue na petroli iokolewe, na kwenye baadhi ya injini hizo vitundu vya kurudishia vikawa vidogo, vikaziba mapema. Moshi ukarudi kwenye magari ya kisasa kabisa. Ukifungua vitabu vya baadhi ya magari mapya, kwenye ukurasa wa oili utakuta wameandika kwamba hadi lita moja kwa kilomita 1,000 ni kawaida, usilete gari kwa ajili hiyo. Nilimsomea fundi hilo kwenye simu. Akasema mteja akimrudishia yeye gari linalokula hivyo, mteja huyo angedai hela yake.

Tumebishana. Mi nasema ni uchaguzi, wamepima petroli na oili wakaona bora hivyo. Yeye anasema ni uvivu.